Wasomaji Wanauliza: Mchungaji Mbele ya Mikro

Toleo lililopita tuliandika juu ya wachungaji wanaohubiri kwa redio, tukaomba maswali. Yamekuja mengi, mengine kwa karatasi na mengine kwa WhatsApp, zaidi kutoka Bukavu na machache kutoka Goma. Yanayofanana tumeyafanya moja. Masengenyo juu ya wachungaji fulani tumeyaacha huko yalikotoka.

Bwana Yesu asifiwe. Katika semina tulisikia habari za Charles Fuller, Mwamerika aliyekuwa muuza machungwa kisha akawa mhubiri wa redio. Mwalimu aliipita haraka. Alianzaje, na pesa za redio zilitoka wapi? Kanisa letu linataka kununua nusu saa kila wiki. (Shemasi, Kadutu)

Shemasi, hilo neno "muuza machungwa" linapotosha kidogo. Fuller hakutembeza beseni kichwani. Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Aprili 1887, katika jamaa yenye mashamba ya machungwa. Alisoma kemia katika chuo cha Pomona, akamaliza 1910, na baadaye akawa msimamizi wa ghala la kupakia machungwa huko Placentia. Alikuwa mtu wa hesabu na masanduku, mtu anayejua kwamba tunda lisipotoka leo linaoza kesho. Tunaona hilo lilimfaa redioni kuliko sauti yake.

Mwaka 1916 alikwenda kumsikiliza Paul Rader, mhubiri aliyewahi kuwa bondia, katika Church of the Open Door pale Los Angeles, na huko akaokoka. Aliacha biashara, akasoma shule ya Biblia ya Biola, na mwaka 1925 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Calvary Church, Placentia. Ibada za kanisa hilo zilianza kurushwa hewani 1930. Mwaka 1933 aliacha mshahara wa kanisa ili abaki na redio peke yake. Mwaka wenyewe haukuwa wa kufanyia majaribio: mwezi Machi serikali ya Marekani ilifunga mabenki yote kwa siku kadhaa, na tarehe 10 ya mwezi huohuo tetemeko la ardhi likabomoa sehemu ya Long Beach, mji ambamo baadaye angekuwa anarushia kipindi chake kwa miaka mingi.

Mwaka 1937 akaingia katika mtandao wa vituo wa Mutual, na kipindi chake, Old Fashioned Revival Hour, kikasikika Marekani nzima. Wakati wa vita vya pili vya dunia kilikuwa katika vituo zaidi ya 400. Mlipaji hakuwa tajiri mmoja. Fuller alinunua muda hewani, na wasikilizaji wakalipa kwa barua zenye kiasi kidogo kidogo. Mkewe, Grace, alikuwa na zamu yake ndani ya kipindi: anakaa mbele ya mikro na kusoma vipande vya barua chache, bila haraka na bila kuigiza. Watu wengi walifungua redio kwa ajili ya dakika zile. Anayesikia barua ya mwenzake inasomwa naye hutafuta kalamu.

Halafu mwaka 1944 Mutual ikabadili masharti: vipindi vya dini vya kulipia vibaki Jumapili asubuhi, visizidi nusu saa, na kuomba pesa hewani marufuku. Fuller ikambidi azunguke akijipatia kituo kimoja kimoja. Mwaka huohuo watangazaji wa kiinjili wa Marekani walianzisha chama chao, National Religious Broadcasters, ili wawe na sauti moja mbele ya wenye vituo. Seminari yenye jina la Fuller ilifunguliwa Pasadena mwaka 1947, naye akafariki 1968.

Sasa turudi Kadutu. Msianze na pesa ya mwezi mmoja. Emisio, yaani kipindi cha redio, inayokatika wiki ya sita inaharibu jina la kanisa kuliko ile ambayo haikuanza, kwa sababu msikilizaji aliyekwisha kuzoea Jumatano saa moja jioni akikuta muziki mara mbili, mara ya tatu hafungui. Jipeni wiki 13, yaani robo ya mwaka. Kama kituo kinataka, tuseme, dola 20 kwa kila nusu saa, hiyo ni dola 260. Ongezeni pikipiki ya kupeleka flashi, vocha za kujibu wasikilizaji na akiba kidogo ya kurekodi upya. Fedha zote ziwe mkononi mwa mtunza hazina kabla ya siku ya kwanza, na kitabu chake kiwe mbali na kile cha matoleo ya Jumapili. Makanisa mengi hugombana hapo, mtu anapouliza pesa ya paa ilikwenda wapi.

Na muandikiane na kituo. Karatasi moja inatosha, ila iseme mambo haya: siku na saa, umeme ukikatika katikati ya emisio, nani anairudia na lini, muda mtakaoarifiwa kabla bei haijapanda, na kwamba hakuna atakayekata mafundisho ili aweke tangazo la bia. Msicheke, hutokea.

Mimi ni mama wa Bagira. Kuna mafundisho ya kupitia Biblia yote kwa miaka 5 ambayo nayafuata kwa redio ndogo nikiwa jikoni. Wanasema mwenye kuyafundisha alikufa zamani. Sasa ninayemsikia ni nani? Na kwa nini iwe miaka 5?

Mama, mwenye mafundisho hayo ni John Vernon McGee. Alizaliwa Hillsboro, Texas, tarehe 17 Juni 1904. Kabla ya uchungaji alifanya kazi benki, kisha akasoma theolojia hadi udaktari katika seminari ya Dallas. Kuanzia 1949 hadi 1970 alikuwa mchungaji wa Church of the Open Door, lile kanisa la Los Angeles ambamo Fuller aliokoka zaidi ya miaka 30 kabla. Kipindi chake cha Thru the Bible kilianza 1967. Safari ya kwanza ilikuwa ya miaka 2 na nusu, akaona anakimbia mno, na alipostaafu uchungaji akairefusha kuwa miaka 5. Alifariki tarehe 1 Desemba 1988. Kwa Kiingereza wanaendelea kurusha kanda zake mwenyewe, na lafudhi ya Texas imo mpaka leo. Katika lugha nyingine, ambazo zimepita 100, Kiswahili kikiwemo, maandishi yake hutafsiriwa na mwalimu wa lugha hiyo huyasoma. Kwa hiyo unayemsikia jikoni ni mtu mwingine, anayesoma mafundisho ya McGee.

Hesabu ya miaka 5 ni hii. Siku 5 kwa wiki, mara wiki 52, mara miaka 5, unapata vipindi 1,300. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: za Agano la Kale 929, za Agano Jipya 260. Kwa hiyo kila kipindi kinabeba chini kidogo ya sura moja, na hapo ndipo mwalimu anapata nafasi ya kukaa siku tatu juu ya mistari kumi ya Waroma, kisha akapita orodha za Hesabu kwa siku moja. McGee hakwenda moja kwa moja kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Alichanganya, kitabu cha Kale kisha cha Jipya, ili aliyeanza kusikiliza leo asijikute miezi mingi ndani ya sheria za dhabihu akachoka. Safari hiyo aliiita safari ya basi. Ukikosa kituo kimoja unalipanda linalofuata.

Ukikosa wiki moja umepoteza masomo 5 tu. Weka penseli karibu na Biblia, uandike tarehe ndogo pembeni ya sura siku unayoisikia. Mzunguko ukirudi baada ya miaka 5 utaona wazi ni sura zipi hazina tarehe, na hizo ndizo za kungojea.

Nina simu nzuri na mchungaji wangu ana neno. Tunawezaje kutengeneza emisio ya nusu saa bila studio? Tulipeleka moja redioni, fundi akairudisha, akasema "haifai". (Kijana wa Panzi)

Ndugu, karibu kila mara "haifai" ya fundi ina sababu moja kati ya tatu: sauti imepasuka, chumba kinarudisha mwangwi, au emisio imezidi muda. Tutaanza na muda, maana watu hawaupimi.

Nusu saa ya redio haina dakika 30. Toa nafasi ya tangazo la kituo na la saa, unabaki na 28. Humo kuna muziki wa kufungulia na wa kufungia, sekunde 30 kila mmoja, salamu, dakika 1, kusoma Neno, dakika 3, maombi, 2, namba ya simu na kuaga, 2. Usomaji wa barua, kama mnao, uupe dakika 2. Mafundisho yenyewe yanabaki na dakika 17 hivi. Mtu anayesema Kiswahili kwa utulivu hutoa maneno 110 kwa dakika, basi hayo ni maneno 1,900 kasoro kidogo, kama kurasa nane za daftari la shule. Mchungaji aliyezoea saa moja na nusu ya Jumapili atasema kurasa nane hazimtoshi. Zinamtosha akichukua wazo moja. Akija na matatu atakimbia, atakunja la tatu, na msikilizaji atabaki bila hata moja.

Ayaandike, au walau aandike dakika mbili za kwanza na dakika ya mwisho neno kwa neno, na katikati aweke vichwa. Mwanzo usioandikwa huliwa na "haleluya, tunamshukuru Mungu kwa wasaa huu" mpaka dakika ya nne, na aliyekuwa anatafuta kituo kwa kidole amekwisha kupita. Ajizoeze pia kusema "wewe". Redioni hakuna "wapendwa mlioko hapa mbele." Yuko mama mmoja anayepika, dereva mmoja kwenye foleni ya Feu Rouge, mgonjwa mmoja asiyelala. Kila mmoja yuko peke yake na sauti hiyo, na mtu hapigiwi kelele akiwa umbali wa meza.

Chumba: tafuteni kidogo chenye kitanda, nguo na pazia. Sebule tupu yenye saruji inarudisha sauti kama ndani ya pipa. Funikeni ukuta ulio mbele ya msemaji kwa blanketi mbili, na nyingine itandikwe mezani chini ya karatasi, maana meza ya mbao inapiga sauti kila anapoweka mkono. Kuanzia Septemba hadi Mei mabati ya Bukavu hayana huruma, mvua ikianza mmemaliza. Rekodini saa 11 alfajiri, kabla ya vikombe, watoto na jenereta ya jirani. Kama jenereta inanguruma, hakuna programu itakayoiondoa bila kuikwaruza sauti ya msemaji.

Simu iwekwe katika hali ya ndege, vinginevyo bipi ya shemeji itaingia katikati ya Zaburi. Iegemezwe juu ya vitabu, mdomo wake wa sauti uwe shubiri moja kutoka kinywani, kando kidogo, usielekeane na pumzi. Ukiiweka mbele kabisa, kila "p" na "b" inapiga kama mlango. Jaribuni na maneno "Baba, pokea maombi ya Petro na Paulo" mpaka yatoke laini. Kisha mchungaji apandishe sauti kadiri atakavyoipandisha kweli siku ile, mkitazama mshale wa programu: kilele kikae karibu na desibeli -6. Kikigusa 0 sauti imekatwa kichwa, na iliyokatwa hivyo hairudi kwa dawa yoyote. Hiyo ndiyo "kupasuka" anayoisema fundi.

Rekodini sekunde 10 za ukimya wa chumba mwanzoni. Mkikata kosa katikati, jazeni pengo kwa ukimya huo. Ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama redio imezimika. Mwisho, toeni faili la MP3, mono (sauti ya njia moja), kilobiti 128 kwa sekunde. Linakula kama megabaiti 1 kwa dakika, hivyo dakika 28 ni megabaiti 27 hivi, linaingia kwenye flashi yoyote. Jina la faili liwe na tarehe ya kurushwa na jina la emisio. Faili lenye jina "mwisho_mwisho2" ndilo linalorushwa kimakosa wiki inayofuata.

Mlitaja kwa simu kwamba mngependa kukata mahubiri ya Jumapili. Inawezekana, lakini ni kazi zaidi. Mkichukua waya kutoka mikseri ya kanisa mnapata mchungaji peke yake, na vicheko na "amina" za watu havimo, hivyo anaonekana anapigia kelele ukuta. Wekeni mikro ya pili ikitazama viti, muichanganye kwa chini. Halafu sikilizeni kwa makini majina: yule dada aliyeombewa kwa jina lake mbele ya watu 200 wanaomjua hakukubali kuombewa mbele ya mji mzima. Kateni hapo, hata kama ndipo penye upako.

Kwa nini redio ya kanisa letu inasikika vizuri Nyawera, lakini sisi wa Cimpunda tunapata makelele? Wanataka tuchangie mtambo wenye nguvu mara mbili. (Wanakwaya)

Subirini kuchanga. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi. Yakikutana na kilima, nyuma yake pana kivuli. Bukavu imelala juu ya rasi tano na migongo ya vilima, kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya bonde zinaweza kuwa moja kwenye mwanga na nyingine kizani. Mtambo wenye nguvu mara mbili haubadilishi jambo hilo. Ili mawimbi yawe na nguvu maradufu pale ulipo unahitaji wati mara nne, na kivuli kinabaki kivuli. Kuinua antena, au kuihamishia kwenye mgongo unaoiona Cimpunda, kunafaa zaidi na gharama ni ndogo.

Kabla ya hapo, mwombeni fundi akague waya unaopanda kwenye antena. Waya wa kawaida wa RG-213, mita 30, unakula zaidi ya theluthi ya nguvu: zikiingia wati 500, zinafika juu kama 315. Ukiwa na maji ndani ni mbaya zaidi. Viungio vyake hufungwa kwa tepu ya mpira inayojishika, kisha tepu ya plastiki juu yake, kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike uliotangulia kama vigae vya nyumba na maji yateremke nje. Ukifunga kutoka juu kwenda chini unatengeneza vikombe vya mvua. Atazame pia kipimo cha nguvu inayorudi. Ikipita sehemu 5 kwa 100, azime na kutafuta sababu, maana kinachorudi kinachoma transista za mtambo.

Na radi. Utafiti wa data za setilaiti uliotangazwa 2016 uliiweka Kabare, hapa hapa nje ya mji, ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Mlingoti usio na waya mzito wa ardhi ni kuni. Nondo kadhaa za shaba zizamishwe mbalimbali na kuunganishwa, na fundi apime: ohmu 10 au chini. Kwa wenzetu wa Goma, ambako chini ni jiwe la lava, kazi hiyo ni ngumu zaidi na haifai kubahatishwa.

Nyumbani, kwa leo, isogezeni redio. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na panapogongana linalotoka moja kwa moja na linalorudi kutoka kilimani, makelele na sauti safi vinaweza kuachana kwa hatua moja tu. Jaribuni dirisha lingine, na antena ilale badala ya kusimama.

Mlima ulipolipuka 2021 watu walisikia unabii wa kila namna, mwingine hewani. Mchungaji mwenye emisio afanye nini saa kama hiyo? (Msomaji, Ndosho, Goma)

Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 bila onyo kutangulia, na tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru sehemu ya mji ihame. Kati ya siku hizo mbili kila neno lililotoka kwa redio lilikuwa na uwezo wa kuwaweka watu barabarani usiku.

Jambo la kwanza ni la kiufundi, na wengi hawalifikirii: zuieni emisio zilizorekodiwa. Mchungaji aliyesema Ijumaa "kaeni kwa amani katika nyumba zenu", kwa maana ya kiroho kabisa, akirushwa Alhamisi baada ya amri ya kuhama, ameua. Faili lolote lililotengenezwa kabla ya tukio lisirushwe kabla ya mtu kulisikiliza lote.

La pili: habari za mlima zisomwe kutoka tangazo la Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachopima volkano, au la mamlaka, neno kwa neno, na tarehe na saa yake vitajwe mwanzo na mwisho. Usilifupishe wala kulifafanua. Anayefungua redio katikati atajua ni la saa ngapi. Baada yake acha ukimya wa sekunde tatu, kisha maombi. Tangazo na maombi visichanganywe katika pumzi moja, maana msikilizaji hatajua lipi limesemwa na wapimaji na lipi na mchungaji.

Na mtu akipiga simu na ndoto, asipewe hewa. Achukuliwe namba, mchungaji amsikilize pembeni. Tunajua kuna ndugu watakaosema tunamzima Roho. Roho hana haraka ya saa mbili usiku kuliko saa nne asubuhi, watu wakiwa wametulia.

Redioni tuseme Yoane au Yohana? Mapendo au upendo? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Ibanda)

Biblia ya Union ya 1952 inasema Yohana, Mathayo, upendo. Waliokulia na Biblia ya Kiswahili cha Kongo wana Yoane, Matayo, mapendo. Msikilizaji wako ana moja mkononi, hujui ipi. Taja mara ya kwanza yote mawili, "Yoane, au Yohana, sura ya 3", kisha ushike moja mpaka mwisho. Kitabu kwanza, sura, halafu mstari; rudia mara mbili; nyamaza sekunde 8 watu wafungue. Na ukumbuke mitego midogo: anayesema "bongo" hapa kwetu anasema uongo, na msikilizaji wa Kigoma anafikiri ubongo. Mahubiri yenye "shetani alijaza watu bongo" yatamshangaza.

Wapi mtu anaweza kusoma theolojia bila kwenda Kinshasa? (Kijana, Nguba)

Bukavu, Université Évangélique en Afrique. Goma, ULPGL (Université Libre des Pays des Grands Lacs). Zote zina fakultati ya theolojia. Ulizeni wenyewe karo ya mwaka huu. Shule za Biblia za jumuiya za makanisa, kama zile za Kipentekoste za 8e CEPAC na 5e CELPA, ni ngazi nyingine: zinaandaa watumishi wa makanisa yao, na kwa kawaida mtu huletwa na kanisa lake la mtaa.

Mimi napokea simu za wasikilizaji wa emisio ya kanisa. Wanabipi usiku na mchana, wengine wanalia, wengine wanaomba franga. Nachoka. (Mama, Panzi)

Pole, mama. Kazi yako ndiyo ile ya Grace Fuller, na mara nyingi hupewa mtu mmoja bila msaada. Kwanza namba ya emisio isiwe yako ya nyumbani. Itafutiwe laini yake na simu ndogo ya batani, na saa za kupokea zitajwe hewani: kwa mfano saa 2 hadi saa 4 asubuhi, siku tatu kwa wiki. Nje ya hapo simu izimwe. Watu watanung'unika wiki mbili, kisha watazoea.

Nunua daftari gumu, upige mistari: tarehe, mwanamume au mwanamke, kartye (mtaa anakokaa), siku aliyosikia, alichouliza kwa maneno yake, nani amekabidhiwa, tarehe ya jibu. Jina la mtu lisiandikwe humo. Tumia namba ya mstari, na majina yabaki katika karatasi nyingine anayoishika mchungaji. Safu ya kartye itakuonyesha baada ya miezi mitatu redio inafika wapi kweli, bila kupima mawimbi. Safu ya maswali itampa mchungaji mafundisho ya robo inayofuata.

Anayeomba pesa, jibu moja, lilelile kila siku, kwamba emisio haina mfuko wa msaada, na umwelekeze kwa shemasi wa kanisa lililo karibu naye. Ukimpa mmoja kwa huruma, kesho watapiga kumi na wawili. Anayesema amepigwa nyumbani, amebakwa au anataka kujiua hakabidhiwi maombi peke yake. Kwa aliyebakwa, hospitali ya Panzi iko hapo hapo kwenu, na saa 72 za kwanza zina dawa ambazo hazifai baadaye. Mwambie aende leo, mtu amsindikize, asifue nguo alizovaa. Namba ya mstari wake izungushiwe duara jekundu, na jioni hiyo hiyo umwonyeshe mchungaji duara hilo.